Elementi Inayovuta Kuliko Zote: Florini, Maji na Meno ya Watoto wa Bonde la Ufa

Mtoto aliyezaliwa katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru huanza kung'oka meno ya utotoni akiwa na umri wa miaka 6 au 7, kama watoto wengine wote. Tofauti huonekana pale meno ya ukubwani yanapochomoza. Badala ya kung'aa, huwa na weupe uliofifia kama wa chaki. Pengine yana mistari ya kukatiza. Na baada ya mwaka mmoja au miwili mistari hiyo hugeuka rangi ya chai, kisha kahawia iliyokolea. Mzazi humhimiza mtoto apige mswaki kwa bidii zaidi. Wapo wanaoyasugua meno kwa mkaa, majivu au mchanga laini. Rangi haitoki, kwa sababu haikupakwa juu ya jino. Imejipenyeza katika umbile lililokuwa na vitundu tangu mwanzo, na umbile hilo lilijengwa wakati mtoto alipokuwa bado anajifunza kutembea na kusema.

Hali hiyo huitwa florosisi ya meno, na chanzo chake ni floraidi iliyozidi katika maji na chakula. Haiui. Pengine ndiyo maana haipewi uzito unaostahili katika mipango ya afya. Lakini kijana anayefunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka, au anayekataa kupigwa picha na wenzake, anajua gharama yake. Na mahali ambapo floraidi ni nyingi zaidi, madhara hayaishii menoni. Hufika kwenye mifupa.

Hapo ndipo wasomaji wengi huuliza swali ambalo wataalamu wa meno huulizwa kila siku. Je, floraidi si ndiyo ile inayosifiwa kwenye boksi la dawa ya meno? Ni hiyo hiyo. Na elementi inayoizaa, yaani florini, imo pia katika kikaango kisichoshika chakula, na imo katika kidonge cha dolutegraviri ambacho mamilioni ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI hukimeza kila siku. Elementi moja hulinda jino, huharibu jino, hukaa kimya juu ya jiko na hutibu. Ili kuelewa jambo hili, hakuna budi kushuka hadi ngazi ya atomi na kutazama sifa moja ambayo florini inazishinda elementi nyingine zote: nguvu ya kuvuta elektroni.

Mchezo wa kuvuta kamba

Kila atomi ina kiini chenye chaji chanya, na kukizunguka kiini hicho zimo elektroni zenye chaji hasi. Atomi mbili zinaposhikana, zinafanya hivyo kwa njia ya elektroni zilizo katika matabaka yao ya nje. Kinachozishikanisha ndicho kifungo cha kikemia. Swali la msingi katika kila kifungo ni hili: elektroni hizo zinakaa upande wa nani?

Mwaka 1932 mkemia wa Marekani, Linus Pauling, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1954 na ile ya Amani ya mwaka 1962, alichapisha kipimo cha kulijibu swali hilo kwa namba. Sifa aliyoipima huitwa elektronegativiti, yaani uwezo wa atomi kuvutia kwake elektroni zilizo ndani ya kifungo. Kwa kipimo cha Pauling kama kinavyotumika sasa, florini ina 3.98, nayo ni namba kubwa kuliko zote. Oksijeni inafuata kwa 3.44. Klorini ina 3.16, naitrojeni 3.04, kaboni 2.55, hidrojeni 2.20. Metali ziko chini kabisa: kalsiamu ina 1.00, sodiamu 0.93.

Florini imepata wapi nguvu hizo? Kiini chake kina protoni 9, si nyingi sana. Lakini atomi yenyewe ni ndogo mno, hivyo elektroni zake za nje zinakaa karibu na kiini na kuvutwa bila kizuizi kikubwa. Isitoshe, tabaka lake la nje lina elektroni 7, na nafasi ya 8 iko wazi. Ni sawa na mtu mwenye nguvu aliyesimama karibu na mlango, tena ana kiti kimoja tu kisichokaliwa: mgeni yeyote anayepita atavutwa ndani.

Sasa tuitazame kamba yenyewe. Atomi zinazolingana nguvu zikishikana, kama kaboni na kaboni, kamba hubaki katikati na elektroni hugawanywa sawasawa. Atomi zinazotofautiana kiasi zikishikana, kama hidrojeni na oksijeni ndani ya maji, elektroni huelemea upande mmoja. Oksijeni hupata uhasi kidogo na hidrojeni huachwa na uchanya kidogo. Tofauti ikiwa kubwa mno, kama ya sodiamu na florini, ambayo ni 3.05, sodiamu huiachia kamba kabisa. Elektroni huhamia kwa florini, nayo florini haiitwi tena florini bali ioni ya floraidi. Ioni hizo hujipanga pamoja, chanya kando ya hasi, zikafanya fuwele ya chumvi.

Vitabu vingi vya sekondari huweka mpaka kwenye tofauti ya 1.7: ikizidi hapo, kifungo ni cha ioni, ikipungua, ni cha kugawana. Kanuni hiyo inasaidia katika mtihani, lakini isishikwe kama sheria. Sodiamu na iodini zinatofautiana kwa 1.73, na kweli huunda chumvi ya ioni. Hidrojeni na florini zinatofautiana kwa 1.78, zaidi kidogo ya hapo, lakini huunda molekuli zinazojitegemea, si fuwele ya chumvi. Tofauti ya nguvu huonyesha mwelekeo tu. Umbo, ukubwa na chaji ya wahusika navyo vina sauti katika shauri hilo.

Hiyo molekuli ya hidrojeni na florini inastahili kutazamwa kidogo. Kwa kuwa elektroni zake zimeelemea sana kwa florini, hidrojeni ya molekuli moja hunasa kwenye florini ya molekuli jirani, na mshikano huo hujulikana kama kifungo cha hidrojeni. Ndiyo maana haidrojeni floraidi huchemka kwenye nyuzi joto 19.5 za Selsiasi, ilhali haidrojeni kloraidi, ndugu yake mzito zaidi, huchemka kwenye nyuzi 85 chini ya sifuri. Kifungo chake cha ndani nacho ni imara kiasi kwamba ndani ya maji haiachii hidrojeni yake kwa urahisi. Kwa lugha ya kemia ni asidi dhaifu. Neno hilo "dhaifu" limewadanganya wengi. Kwa kuwa molekuli haijagawanyika, haina chaji, na kitu kisicho na chaji hupita katika utando wa seli bila shida. Asidi hiyo ikimwagikia mtu katika maabara au kiwandani, hupenya ngozi hadi ndani, kisha floraidi yake hunyakua kalsiamu ya mwili. Kalsiamu ya damu ikishuka ghafla, moyo unaweza kusimama. Dawa ya kwanza, baada ya kuosha kwa maji mengi, ni jeli ya kalsiamu glukoneti, ambayo huipa floraidi kalsiamu nyingine ya kushika.

Kabla ya florini kutenganishwa peke yake, iliwajeruhi na hata kuwaua waliojaribu. Paulin Louyet wa Ubelgiji na Jérôme Nicklès wa Ufaransa walifariki kutokana na kazi hiyo. Henri Moissan ndiye aliyefaulu, mjini Paris, mwaka 1886, akatunukiwa Nobel mwaka 1906.

Mlima, magadi na kalsiamu iliyopotea

Katika udongo na maji hakuna florini huru. Haiwezi kukaa bila kumshika mwenzake. Swali ni nani ameshikwa.

Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia, kupitia Nakuru na Naivasha, hadi Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, ina sifa mbili zinazokwenda pamoja: wingi wa sodiamu na wingi wa florini. Ol Doinyo Lengai, mlima unaotoa lava ya kabonati ya sodiamu, ni mfano uliopitiliza wa jambo hilo, na Ziwa Natron lililo jirani yake ni ushahidi mwingine. Maji ya mvua yanapopenya katika miamba na majivu ya volkano, huyeyusha floraidi na kwenda nayo hadi kwenye chemchemi na visima.

Lakini mbona maji ya sehemu nyingine zenye florini ardhini hayana tatizo hilo? Jibu ni kalsiamu. Lita moja ya maji inaweza kuyeyusha takribani gramu 40 za floraidi ya sodiamu, lakini floraidi ya kalsiamu haizidi miligramu 16 hivi. Tofauti hiyo inapita mara 2,000. Na hapa elektronegativiti peke yake haielezi lolote, kwa maana tofauti kati ya kalsiamu na florini, 2.98, inakaribiana mno na ile ya sodiamu na florini. Kinachobadili mambo ni kwamba kalsiamu imetoa elektroni 2, si moja, hivyo ina chaji maradufu na huzibana floraidi ndani ya fuwele kwa nguvu ambayo maji yanashindwa kuifungua. Palipo na kalsiamu ya kutosha, floraidi hutuama ikawa jiwe. Palipo na sodiamu tupu, huogelea huru. Kwa hesabu ya kemia, kalsiamu ikipungua mara 100 ndani ya maji, floraidi inayoweza kubaki imeyeyuka huongezeka mara 10.

Maji ya miteremko ya Meru na ya maeneo mengi ya Bonde la Ufa ni ya aina hiyo ya pili: laini, yenye sodiamu, yaliyopungukiwa kalsiamu. Sabuni hutoa povu zuri ndani yake. Hayana ladha mbaya. Floraidi haina rangi wala harufu, na hata ile rangi maarufu ya mto wa Maji ya Chai, eneo linalotajwa mara kwa mara katika tafiti za floraidi wilayani Arumeru, si kipimo chake. Maji meupe kama kioo yanaweza kuwa na floraidi nyingi zaidi.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania, kwa kutambua kwamba vijiji vingi visingebaki na chanzo chochote cha maji kama kipimo hicho kingefuatwa, kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, baadaye 4, kabla ya kufika 1.5. Ni rahisi leo kuulaumu uamuzi huo wa zamani. Lakini kufunga kisima chenye floraidi na kumrudisha mama kwenye dimbwi lenye vimelea vya kuhara kungeua watoto wengi zaidi, na waliokaa mezani wakati ule walilijua hilo.

Maji si njia pekee. Magadi yanayochimbwa kando ya maziwa na mabonde ya kaskazini hutumika kulainisha maharage, makande na kiburu. Magadi ni chumvi ya sodiamu, na floraidi hujificha ndani yake. Watafiti waliochunguza meno ya watoto wa kaskazini mwa Tanzania walikuta florosisi kali hata mahali ambapo maji yalikuwa na floraidi kidogo, na walipofuatilia jikoni waliyakuta magadi. Chai nayo ina sehemu yake, kwani mmea wa chai hukusanya floraidi katika majani, hasa yaliyokomaa. Mtoto mdogo hana haja ya chai ya rangi.

Kinachotokea ndani ya jino

Enameli, gamba gumu la nje la jino, ni madini kwa takribani asilimia 96 ya uzito wake. Madini hayo ni apataiti: kalsiamu na fosfeti zilizopangwa kwa safu, na katikati ya safu kuna mifereji myembamba. Ndani ya mifereji hiyo hupangwa ioni za haidroksili, yaani oksijeni iliyoshika hidrojeni.

Ioni ya floraidi ina chaji sawa na haidroksili na ukubwa unaokaribiana nayo. Inaweza, basi, kuingia katika kiti chake. Ikiisha kukaa, inatulia kuliko mwenye kiti. Haidroksili ina ncha mbili zisizofanana, hivyo hukaa upande kidogo wa pembetatu ya kalsiamu zinazoizunguka. Floraidi ni mviringo, huingia katikati barabara na kuvutwa na kalsiamu zote 3 kwa usawa. Pia, ikiwa jirani yake katika mfereji ni haidroksili, hidrojeni ya jirani huyo huielekea floraidi na kufunga kifungo cha hidrojeni. Fuwele yote hukazana.

Matokeo yake hupimika. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi, na asidi hushambulia haidroksili kwanza. Enameli ya kawaida huanza kuyeyuka pale ukali wa asidi unapofika pH ya 5.5 hivi. Apataiti yenye floraidi huvumilia hadi karibu na 4.5, na katika kipimo hicho tofauti ya namba moja maana yake ni asidi kali mara 10. Ndiyo kazi ya dawa ya meno. Floraidi yake hufanya kazi juu ya uso wa jino, ikisaidia kalsiamu na fosfeti za mate kurudi mahali zilipong'olewa. Haihitaji kumezwa hata kidogo. Mtoto aliye chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele tu kwenye mswaki, mkubwa kidogo kiasi cha punje ya njegere, na asimamiwe ateme. Katika maeneo yenye floraidi nyingi usimamizi huo si wa hiari.

Uvumbuzi wa faida hii ulitokana na madhara. Frederick McKay, daktari wa meno aliyehamia Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, alikuta wenyeji wana meno ya kahawia. Alitumia miaka 30 kutafuta sababu, na njiani akaona kwamba meno hayo yenye madoa hayakuoza kwa urahisi. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill aliipata floraidi ndani ya maji. Trendley Dean akafuata kwa vipimo vya mji kwa mji, akaonyesha kwamba karibu na miligramu 1 kwa lita meno hulindwa bila kuharibika sana. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza kuongeza floraidi katika maji ya bomba. Msomaji wa Arusha aliyesikia kwamba Wamarekani huongeza floraidi majini, naye akadhani kwamba maji ya kijijini kwake ni baraka, hajadanganywa kuhusu Marekani. Amekosea kuhusu kiasi.

Inakuwaje kitu kinachoimarisha fuwele kidhoofishe jino? Kwa sababu jino halijengwi na kemia peke yake. Seli zinazotengeneza enameli hutandika kwanza protini, kisha madini huingia huku protini ikivunjwa na kuondolewa. Floraidi ikizidi katika damu ya mtoto wakati huo, uondoaji wa protini huchelewa, na madini hayajazi nafasi yote. Jino hutoka na uso ulioshikana lakini chini yake kuna vitundu. Vitundu hivyo ndivyo vinavyolifanya lionekane kama chaki, na ndivyo vinavyofyonza rangi ya chakula baadaye. Hatari ipo tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 8 hivi, na kwa meno ya mbele, yale yanayoonekana mtu akicheka, miaka 3 ya mwanzo ndiyo yenye uzito mkubwa. Baada ya hapo enameli imekwisha. Mtu mzima anayehamia Arusha hapati madoa.

Mfupa una hadithi tofauti kidogo kwa kuwa haumalizi kujengwa. Kila siku hubomolewa na kujengwa upya, na floraidi inayomezwa huingia ndani yake. Tumboni, penye asidi kali, floraidi hushika hidrojeni na kuwa ile molekuli isiyo na chaji iliyotajwa hapo awali, nayo hupenya utumbo kwa wepesi. Figo hutoa sehemu; inayobaki karibu yote hukaa kwenye mifupa na meno. Mtu akinywa kwa miaka mingi maji yenye miligramu 10 au zaidi kwa lita, mifupa huwa mizito, kano zake hugeuka mfupa, mgongo hukakamaa. Watoto wa baadhi ya vijiji vya Arusha na Kilimanjaro wameripotiwa kuwa na miguu iliyopinda kwa sababu hiyo. Na mfupa mzito si lazima uwe imara. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wanawake waliokoma hedhi na kudhoofika mifupa walipewa floraidi ya sodiamu kwa miaka 4. Picha za mgongo zilionyesha madini yameongezeka sana. Mivunjiko ya mikono na miguu ikaongezeka pia. Matumaini ya kuitumia floraidi kama dawa ya mifupa yalififia baada ya hapo.

Florini iliyofungwa na kaboni

Ni vema kuondoa hofu moja. Florini iliyo ndani ya dolutegraviri (atomi 2), efavirenzi (atomi 3), flukonazoli (2) au deksamethasoni (1) si floraidi. Imeshikwa na kaboni, na kifungo cha kaboni na florini ni imara kuliko vifungo vyote vya jozi moja ambavyo kaboni huvifunga. Watengenezaji wa dawa huiweka florini makusudi mahali ambapo ini lingeanza kuivunja molekuli, ili dawa idumu mwilini. Dawa hizo hazichafui meno. Vorikonazoli, dawa ya fangasi, ni moja ya zile chache zinazoweza kuachia floraidi ikitumiwa kwa muda mrefu, na maumivu ya mifupa yameonekana kwa baadhi ya wagonjwa wake.

Kikaango nacho hutumia kifungo hicho hicho. Plastiki yake, iliyogunduliwa kwa bahati na Roy Plunkett mwaka 1938, ni mnyororo wa kaboni uliovikwa florini pande zote. Kila florini imezishika elektroni zake kwa nguvu hata haziyumbi kuwafuata majirani, na yai likiangukia hapo halipati pa kushika.

Kuitoa floraidi majini

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki, na kila lita inayosalia huwa na nyingi zaidi. Klorini ya kutibu maji huua vijidudu, lakini haigusi floraidi. Kichujio cha kitambaa, cha mchanga au cha udongo hakina msaada. Kemia iliyoelezwa hapo juu ndiyo inayoonyesha njia: floraidi huondoka tu ikipewa mwenza inayempenda kuliko maji.

Aluminiamu ni mwenza mmoja. Shabu, ile inayouzwa madukani kwa ajili ya kusafisha maji ya tope, ikichanganywa na chokaa hutengeneza mapovu mazito ya aluminiamu yanayoinasa floraidi na kutuama chini. Njia hiyo ilipewa jina la Nalgonda, wilaya ya India ilikostawishwa, na ilijaribiwa Tanzania pia. Inahitaji vipimo sahihi kila siku na mahali pa kutupa tope, na hapo ndipo vijiji vingi vilipochoka.

Mwenza wa pili ni mfupa wenyewe. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, mafuta na nyama huondoka na kinachobaki ni mkaa mweusi wenye vitundu ambao, kikemia, ni apataiti ile ile ya jino. Maji yakipita ndani yake, floraidi huingia katika viti vya haidroksili kama ambavyo ingeingia katika mfupa wa mtoto. Mkaa hushikwa badala ya mtoto. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi, na Kenya imetumiwa na Dayosisi Katoliki ya Nakuru. Joto la tanuri ni siri ya kazi: likipungua, maji hutoka na harufu; likizidi, vitundu huzibika na mkaa hupoteza nguvu. Lipo pia suala la imani. Familia zinataka kujua mifupa ni ya mnyama gani na alichinjwa vipi, na mradi unaolipuuza swali hilo hupata vichujio vinavyokaa kwenye kona bila kutumiwa. Ubunifu mwingine upo: Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa kichujio kinachochanganya mchanga na chembe ndogo sana zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa mahali husika.

Kwa familia isiyo na kichujio, maji ya mvua hayana floraidi ya kuhesabika. Hayatoshi kufua wala kuoga, wala hayahitajiki huko, kwa sababu floraidi haipiti kwenye ngozi kwa kuoga. Yatengwe kwa kunywa na kupikia wadogo, na yachemshwe kwa ajili ya vijidudu. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi, hivyo miezi 6 ya kunyonya bila kitu kingine ni miezi 6 ya ulinzi. Tatizo huanza na uji. Lita moja ya maji salama kwa siku, iliyotengwa kwa uji wa mtoto mmoja na kinywaji chake, pamoja na chakula chake kupikwa bila magadi, inaweza kuamua rangi ya meno atakayokuwa nayo akiwa na miaka 20. Kwa ambao meno yao yamekwisha kutoka na madoa, daktari wa meno anaweza kuyasugua kwa dawa maalumu, kuyang'arisha, au kuyafunika kwa kujaza. Mkaa na mchanga huondoa enameli, na enameli haioti tena.

Mwenye kichujio cha mkaa wa mifupa akumbuke kwamba viti vya haidroksili vina idadi. Vikijaa, maji huendelea kutoka safi, baridi na matamu kama siku ya kwanza, na floraidi yote ndani yake. Hakuna ulimi unaoweza kutambua. Tarehe ya kuujaza mkaa iandikwe kwa wino usiofutika juu ya ndoo yenyewe, na chupa ya maji yaliyochujwa ipelekwe maabara ya maji ya mkoa kila baada ya miezi michache, pamoja na chupa nyingine ya maji ya kisima, ili namba hizo mbili zisomwe kwa pamoja.